Mtumbwi Nilioukata kwa Ajili ya Boti ya Alumini

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Barua yangu inasema nimeacha kazi, lakini wavuvi wa Ziwa Sagara hawana neno hilo. Kwao, mtu anayekabidhi mizani yake na kurudi alikozaliwa ni mstaafu, na walinichangia shuka na jogoo kama wanavyomfanyia mwalimu mzee. Dada aliyepokea meza yangu ameniomba nimwandikie mambo ambayo hayamo kwenye mafaili. Ninamwandikia yeye, na ninyi wengine mtakaopelekwa kule mkiwa mmetoka chuoni juzi. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Cheo sikupanda, na mshahara mnaujua.

Nilifika Usinge, kando ya ziwa hilo, mwishoni mwa kiangazi. Nilikuwa na shahada ya uvuvi, buti za mpira ambazo hazijawahi kuona tope, na tabia ambayo mama yangu aliiita ugonjwa: kuuliza. Utotoni nilimuuliza katekista ni nani aliyekuwepo Edeni akaandika yale maneno, nikapigwa marufuku kukaa benchi la mbele. Chuoni niliwauliza wahadhiri wamejuaje. Ofisini nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, rula ya kupimia macho ya nyavu, na pikipiki iliyowaka kwa kusukumwa. Rula hiyo itunzeni. Mizani inadanganya kidogo mvua ikinyesha, na pikipiki inadanganya kila siku, lakini rula haijawahi kuniangusha.

Siku ya kwanza mwaloni, pale mitumbwi inapotua na samaki kupimwa, nilimkuta mzee mmoja mrefu akikung'uta wavu. Huyo alikuwa Mzee Maganga, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi.

"Wewe ndiye Bwana Samaki mpya?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Morogoro. Mimi ni Mluguru."

Aliuachia wavu ukaanguka. "Jamani," akawaambia wenzake, "tumeletewa mtumwa wetu. Tena safari hii amekuja na buti."

Watu walicheka mpaka aliyekuwa anapara samaki akajikata. Kwa wasiojua: Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, wazee wa huku walipokuwa wakipita kwetu na mizigo mabegani kwenda pwani. Mtani anakutukana mchana kweupe nawe huruhusiwi kukasirika. Anachukua kuku wako bila kuomba. Na siku ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya kazi ambazo mikono yako haiwezi. Nililijua hilo la mwisho kama mtu anavyojua kanuni ya mtihani.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa kazi alikuwa mtani wangu, na masomo yote aliyafundisha kwa matusi. "Mluguru akiona maji yamesimama," alisema, "anadhani mlima umelala." Baada ya hapo ndipo angenionyesha njia ya viboko kwenye mafunjo, ama namna ya kujua upepo wa mchana kwa kutazama ndege wanapokaa. Wavu wa kwanza haramu niliouchoma ulikuwa wa mtu aliyenilisha ugali jana yake. Nilisahau mafuta ya taa, akaenda kuyaleta mwenyewe. Nilimuuliza Mzee Maganga kama nimefanya sawa. Akasema, "Umefanya sawa, ila ugali wake utautapika lini?"

Katika yote, somo lililonikaa ni la kukagua mtumbwi. "Usiutazame," alisema. "Upige." Akapita na kifundo cha kidole kuanzia puani mwa mtumbwi hadi mkiani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye milango mingi. Mti mzima unajibu kwa sauti moja. Palipooza ndani pana sauti ya kifua kibovu. "Hapo panakohoa."

"Kwa nini kifundo? Kwa nini usitumie nyundo?"

"Nyundo inajisikia yenyewe."

Mtumbwi wake mwenyewe haukukohoa popote. Ulikuwa wa mninga, umechongwa na baba yake wakati msitu ule haujawekewa mipaka, mrefu kuliko nyumba niliyopanga. Kingo zake zilikuwa zimelainika kwa mikono ya watu wawili, baba na mwana. Mti wa kuchonga mtumbwi mwingine kama ule hauwezi kupatikana kihalali tena, na hilo ndilo lililomfanya asiuazimishe hata kwa mkwewe.

Mwaka wangu wa tano ukaja mradi. Kila kikundi kitapata boti moja yenye injini, kwa sharti kwamba mitumbwi ya magogo ya wanakikundi itolewe majini na kukatwa, ili watu waache kuwinda miti msituni. Sharti lilikuwa na mantiki na nililitetea. Fungu lilitosha boti iliyotumika tu, nami nikapewa kazi ya kuitafuta.

Niliipata kwenye kambi moja ya wawindaji kando ya mto Ugalla, kambi iliyokuwa inafungwa. Ilikuwa boti ya alumini, urefu hatua sita zangu, imefunikwa turubai, imejaa majani makavu na kinyesi cha popo. Nilikwenda na Mzee Maganga kwa niaba ya kikundi, pamoja na Fundi Deo kutoka Ulyankulu. Wazazi wa Fundi Deo walitoka Burundi, yeye alizaliwa hukuhuku. Kazi yake ni kuyeyusha vyuma chakavu vya alumini na kusubu masufuria, na karibu kila jiko la Urambo lina sufuria lake au kiraka chake. Nilimchukua kwa sababu sikumjua mtu mwingine anayeielewa alumini.

Niliuliza maswali yote niliyoyajua, na nilijivuna nayo. Boti ilinunuliwa lini? Imekaa juani miaka mingapi? Imewahi kugonga jiwe? Nilipima unene wa bati sehemu tisa. Nilichokonoa ubao wa nyuma unaobeba injini, kisu kikaingia kama kwenye kiazi, nikaandika: ubadilishwe. Niliona ribiti mbili za kuungia bati zilizolegea, na ufa mwembamba wa urefu wa kiganja kando ya mkuku, ule uti wa chini ya boti. Msimamizi wa kambi, kijana wa rika langu, aliniambia, "Bosi, hata polisi hawaniulizi hivi."

Fundi Deo hakuuliza chochote. Alizunguka boti mara moja, akalamba kidole, akakipitisha kwenye ufa.

"Tuitie maji ndani," alisema.

"Maji ndani ya boti?"

"Ndiyo, mkuu. Tunaiinua juu ya magogo, tunamwaga majivu chini yake, tunaijaza maji, tunakaa. Majivu yatatuambia. Sufuria nalipima hivyohivyo. Ufa ninaouona mimi si tatizo. Tatizo ni ule usioonekana."

Ilikuwa kiangazi, mto ulikuwa mbali na kambi, na hesabu yangu ya haraka ilikuwa madumu themanini ya maji kubebwa begani. Nilisema haina haja, ufa tumeshauona. Akasema sawa, basi isichomelewe. Ipigwe kiraka cha bati lilelile, mpira katikati, ribiti za alumini, si za chuma.

"Kwa nini isichomelewe?"

"Alumini ikishaonja moto inalegea. Si pale penye moto, pale panashika. Inalegea pembeni yake."

"Umeona wapi?"

"Kwenye masufuria."

"Fundi, boti si sufuria."

"Kweli, mkuu," alisema, na akanyamaza, kwa sababu mimi nilikuwa mkuu.

Mzee Maganga wakati huo alikuwa amepiga magoti anabisha hodi. Ko, ko, ko, kutoka puani hadi nyuma. Karibu na mkuku alirudia mara tatu. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akaniambia mbele ya wote, "Mtani, mkeo huyu ni mzuri, lakini ana kifua."

Tulicheka. Hata msimamizi wa kambi, ambaye hakujua utani wetu, alicheka. Nikatia sahihi.

Mkitaka kujua kosa lilianzia wapi, watu wanataja kuchomelea. Mimi nataja karatasi. Mradi ulitaka matengenezo yafanywe na karakana iliyosajiliwa, yenye mhuri. Fundi Deo ana nyundo, tanuri na jina zuri, mhuri hana. Boti ikapandishwa lori hadi karakana moja ya Tabora mjini, ikachomelewa, ikapigwa rangi ya bluu, ikarudi na cheti. Mimi niliyemhoji katekista, niliyemhoji Fundi Deo hadi akanyamaza, sikukiuliza kile cheti hata swali moja. Kilikuwa kimechapwa vizuri.

Kabla ya kukabidhi ilibidi mitumbwi ikatwe. Ilikuwa minne. Kwenye mkutano wa kikundi Mzee Maganga alisimama mwisho.

"Bwana Samaki, mimi nasema huyu bibi harusi tukae naye mwaka mmoja kwanza. Mvua zipite. Tuone kama anapika. Ndipo tuwafukuze wake wakubwa."

Wanawake wanaonunua samaki walipiga vigelegele. Mmoja, Mama Tatu, akapaza sauti, "Mzee unaogopa talaka?" Mkutano ukavurugika kwa vicheko. Nami nikajibu kwa utani vilevile, kwamba Mnyamwezi hata akipewa treni atataka kwanza abebe mzigo kichwani mwaka mzima. Nilishangiliwa. Nilikuwa na uwezo wa kuomba muda. Sharti lilisema mitumbwi ikatwe, halikusema kabla au baada ya mvua. Mimi ndiye niliyejaza tarehe.

Siku ya kukata, wenye mitumbwi mitatu walikata yao wenyewe, haraka, kama watu wanaochinja mbuzi mgonjwa. Mzee Maganga alikuja na msumeno begani, akaufikia mtumbwi wake, akasimama. Kisha akanigeuzia mpini.

"Mwenye msiba hachimbi kaburi," alisema. "Kazi hii ni ya mtani."

Watu wakashangilia, kwa sababu ndivyo ilivyo desturi na alikuwa ameisema vizuri. Nikavua shati. Mninga mkavu si mchezo, na nilikuwa sijawahi kukata kitu kikubwa kuliko fimbo. Msumeno ulikwenda upande, nikautoa, nikaanza tena pembeni, kwa hiyo mkato wangu ukawa na ngazi katikati. Unga mwekundu wa mbao ulinijaa mapajani. Mzee alichuchumaa mbele yangu akitazama meno ya msumeno.

"Kata polepole, Mluguru," alisema. "Huenda tukakuomba uunge."

Nikacheka, nikiwa natweta. Nilipomaliza nilipewa kuku, malipo ya mtani. Nilimla. Vipande vile viwili vilinunuliwa na mfugaji mmoja wa Kisukuma jirani na Usinge, awanyweshee ng'ombe.

Boti ilifanya kazi wiki kumi na moja, na zilikuwa wiki nzuri. Sitaki mfikiri ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Ilivuka ziwa kwa robo ya muda, samaki wakafika wabichi, Mama Tatu akaacha kukausha perege akawa anawauza wabichi hadi Kaliua. Nilipiga picha nyingi.

Kisha mvua kubwa zikaanza, na siku moja mchana upepo uliwakuta katikati ya ziwa, watu watatu, Mzee Maganga akiwemo, nyavu zimelowa, samaki wamejaa. Boti ilikuwa inapigapiga tumbo juu ya mawimbi. Mzee Maganga alinisimulia baadaye kwamba alisikia mlio mmoja tu, kama mtu anavunja kidole. Bati lilichanika. Si kwenye mchomeleo, mchomeleo ulishika. Lilichanika pembeni yake, mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula yangu. Walitupa samaki, wakatupa nyavu, wakaing'oa injini nayo ikatupwa majini. Upepo uliwasukuma hadi kwenye mafunjo, wakasimama humo maji yakiwa kifuani tangu saa nane hadi jioni, wakipiga maji kwa makasia ili mamba wasisogee. Aliyewaokoa ni mvuvi mmoja aliyekataa kujiunga na kikundi. Alikuja na mtumbwi wa gogo.

Hakuna aliyekufa. Kwenye taarifa niliandika hivyo mstari wa kwanza, na nikaona kwamba nimeandika nilichotaka kusikia.

Nilimkuta Mzee Maganga nyumbani kwake kesho yake, amejifunika blanketi, anakunywa uji.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Kule kambini nilikuambia ana kifua. Mkutanoni nilikuambia tukae naye mwaka. Na siku ile una msumeno mkononi nilikuambia."

"Ulikuwa unatania, mzee. Watu wote walicheka."

Alinitazama bila hasira, zaidi kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali akakikosa.

"Wewe ni mtani wangu," alisema. "Ningekuambiaje vingine? Mtu mzima, mbele za watu, nimwambie mgeni wa serikali kwamba amekosea? Ndiyo maana tumepewa utani. Mnyamwezi yeyote angenisikia."

Niliomba msamaha. Akasema, "Haya, yamekwisha." Mtani haruhusiwi kukasirika, na ningempa chochote anikasirikie.

Nilihangaika. Niliandika barua kuomba kibali cha mti mmoja wa mninga. Jibu lilikuwa hapana, na lilikuwa jibu sahihi, mimi mwenyewe ningelitoa. Nilimwendea Fundi Deo nikamwomba aitengeneze boti kwa namna yake. Alikuja, akaiweka juu ya magogo, akamwaga majivu, na safari hii maji niliyabeba mimi, dumu kwa dumu. Majivu yalilowa sehemu saba. "Pembeni kote pameshaugua," alisema. "Nikipiga kiraka hapa patachanika pale. Ningeipata mwanzoni, mkuu..." Niliwahi kumwambia boti si sufuria. Leo boti ile ni masufuria. Alinunua bati lake kwa kilo, na nilimwomba asiniambie yako jikoni kwa nani.

Mzee Maganga alijaribu kwenda majini kwa kibarua katika mtumbwi wa yule aliyemwokoa. Mtu wa miaka sitini na saba, aliyekuwa mwenyekiti, anakaa mbele anavuta wavu wa mwingine. Alifanya hivyo msimu mmoja. Asubuhi moja nilifika mwaloni nikamwamkia kama kawaida yetu.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, Bwana Afisa," alisema. "Habari za ofisini?"

Nilisubiri tusi. Niliangalia buti zangu, labda angezisema. Alikuwa mpole, aliniuliza habari za wazazi wangu Morogoro, akanitakia kazi njema. Hivyo ndivyo alivyonisemesha tangu siku ile. Ninyi mnaotoka makabila yasiyo na watani huku hamtaelewa, mtaona ni heshima. Miezi michache baadaye binti yake aliyeolewa Tura, kule kwenye reli, alikuja kumchukua. Huko hakuna ziwa. Nilimpigia simu mara mbili. Mara zote mbili alinishukuru kwa kumkumbuka.

Mtaniuliza kama niliacha kazi kwa sababu hiyo. Nilijiuliza pia, kwa sababu siwezi kuacha kuuliza, na sina jibu safi. Nilikuwa nimeanza kuwauliza wavuvi maswali kisha kutoamini kwamba nimeyasikia majibu yao sawasawa. Afisa wa namna hiyo hafai kushika rula.

Wiki ya mwisho, baada ya kukabidhi, nilikwenda kwa yule mfugaji wa Kisukuma. Nilimkuta anachota maji kisimani. "Mwangaluka," nikamwamkia, akaitika, akanionyesha hori bila kuuliza nimefuata nini. Nusu moja ya mtumbwi ilipasuliwa kuni zamani. Nusu ya mbele ilikuwa pale, imewekwa juu ya mawe, mdomo uliokatwa umezibwa kwa ubao na lami. Maji yalikuwa yamejaa na ndama wawili walikuwa wanakunywa.

Nilibisha hodi kwa kifundo, kuanzia puani. Ilijibu kwa sauti moja.

Kisha nikamwomba majivu. Alinitazama, akaenda jikoni, akaniletea kwenye kipande cha kibuyu. Niliyamwaga chini ya mtumbwi, mstari mmoja, toka mwanzo hadi mwisho, nikakaa chini kwenye samadi kusubiri.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Natazama kama unavuja."

"Mti huu hauvuji. Kuna mahali pamoja tu, huku mwisho. Nimeweka ubao, nimeweka lami, bado panatoka. Aliyekata hakujua kukata. Alikwenda upande, akarudi, akaacha ngazi."

Tulisubiri pamoja. Majivu yalibaki meupe chini ya pua, chini ya tumbo, mahali pote walipopita baba na mwana. Mwishoni kabisa, chini ya ile ngazi, yalianza kuwa meusi, kwa tone moja, kisha jingine.